Baba kahamia Texas: je, nafaka ya mtoto (pesa za matunzo yake) imeanguka?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Naishi Columbus, Ohio, na mwanangu wa miaka 7. Nilipoachika tulikubaliana kiasi cha nafaka mbele ya korti ya hapa, babake akatia saini. Mwaka jana alihamia Texas kuendesha malori, na tangu hapo hatumi kitu. Ananitumia sauti tu za WhatsApp: ati ameambiwa baba akihama, mtoto ni wake, na mimi kwa kukataa kumpeleka nimepoteza nafaka. Tena nikienda korti nimehukumiana kwa taghuti, yaani mamlaka isiyohukumu kwa sharia ya Allah, na pesa hiyo ni haramu. Kila Ijumaa usiku mtoto huweka simu yangu chini ya mto, maana ndiyo siku babake alikuwa akipiga. Nifanye nini?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullah. Dada yangu, hapo pa simu chini ya mto nilisoma mara mbili.

Kwamba nafaka ya mtoto iko juu ya baba, hata mtalaka wako hakatai. Alichofanya ni kuokota masuala matatu ya fiqhi na kuyatia chungu kimoja.

Ni kweli katika madhehebu yetu ya Shafi, mmoja wa wazazi akihama kwa nia ya makazi, baba ana haki zaidi ya kukaa na mtoto, ili nasaba isipotee. Lakini wanazuoni wameshurutisha usalama wa njia na wa mji, na huo ni mlango wa ulezi. Dereva anayelala ndani ya lori atamlea vipi mtoto wa miaka 7? Na hata kama ulezi ungekuwa wake, angemdai mtoto kwa njia zake, si kwa kumkatia chakula. Anayepoteza nafaka kwa uasi ni mke, nafaka yake mwenyewe. Kuivisha hukumu hiyo mtoto ni ujinga, nami sitafuti neno laini zaidi.

Kuna hoja moja hakuitaja, naitaja mimi kwa sababu ataipata tu. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu chake cha fiqhi ya Shafi, anasema nafaka ya jamaa ikipita muda wake huanguka, haiwi deni. Wengi huishia hapo. Sentensi yenyewe inaendelea: isipokuwa kadhi ameiwajibisha, au ameruhusu kukopa kwa sababu mwenye kuwajibika hayupo au amekataa. Wazee wetu walimwona huyu baba wa Texas zamani sana! Atasema korti ya Ohio si kadhi wa sharia. Sawa, lakini saini ni yake, na Suratul Maida inafunguka kwa amri ya kutimiza mikataba.

Ama neno taghuti, limekuwa rahisi mno midomoni mwa wenye madeni. Aya ya 60 ya Suratun Nisaa inawasema wanaoikimbia hukumu ya Allah. Wewe unaitaka haki ambayo Allah mwenyewe ameiweka, na mwenye nguvu ya kuitoa hapo ulipo ni korti. Kabla ya utume, mgeni kutoka Zabid aliuza bidhaa Makka, Al-As bin Wail akamnyima pesa yake. Maquraishi, washirikina hao, wakakutana nyumbani kwa Abdullah bin Judaan wakaapa kumsimamia aliyedhulumiwa. Mtume (s.a.w.) alihudhuria, na baadaye akasema lau angeitwa kwa kiapo kama kile katika Uislamu angeitika. Na Hindi, mke wa Abu Sufyan, aliruhusiwa na Mtume kuchukua mali ya mumewe bila yeye kujua, kwa kadiri ya kumtosha yeye na wanawe.

Basi nenda ofisi ya nafaka ya watoto ya kaunti yako. Huna haja ya kusafiri. Tangu mwisho wa miaka ya 1990 majimbo yote ya Marekani yana sheria ya pamoja ya jambo hili: maadamu wewe na mtoto mko Ohio, amri inabaki ya Ohio, na mwajiri wake Texas anaweza kuagizwa akate mshahara kabla haujamfikia. Deni likizidi dola 2,500, raia hunyimwa pasipoti. Umra itamsubiri.

Lakini kama kipato chake kimeshuka kweli, mwambie aombe kupunguziwa huko huko Ohio, na aombe mapema, kwa kuwa yaliyokwisha limbikizana hayafutwi. Akiomba kwa haki, usimpinge kwa hasira. Suratut Talaq inasema mwenye dhiki atoe katika alichopewa.

Na usimzuie kupiga simu kwa sababu hajalipa. Hilo ni kosa lile lile alilolifanya yeye, kumtoza mtoto deni la mkubwa. Mtumie ujumbe usio na neno la pesa ndani yake: mwambie mtoto yuko macho Ijumaa mpaka saa tatu usiku.

Wallahu aalam.