Jibu: Nianze na wahusika au dhamira kwenye insha ya uhakiki?

Umesema kila ukikaa kupanga insha unajikuta unasimulia riwaya upya, na unauliza uanze na wahusika au dhamira. Mimi ningeviacha vyote viwili kwanza. Anza na jambo linalokusumbua ndani ya riwaya yenyewe. Kwa mfano, kwa nini msimulizi anapitisha kifo cha baba yake kwa sentensi moja, halafu anaeleza mlango wa nyumba kwa kurasa mbili? Jibu lako, katika sentensi ambayo mtu anaweza kuipinga, ndilo hoja kuu. "Riwaya hii inahusu ndoa" si hoja; hakuna atakayeibishia.

Kisha rudi kitabuni na penseli, ukusanye madondoo mafupi pamoja na namba za kurasa. Hapa usiharakishe kabisa. Chini ya kila dondoo andika mbinu iliyotumika (nafsi ya kwanza, yaani msimulizi anayesema ‘mimi’; taswira, yaani picha inayojengwa kwa maneno; mbinu rejeshi, yaani kurudi nyuma kwenye matukio yaliyopita) na inamfanyia nini msomaji. Dondoo lisilobeba hoja liache, hata likiwa tamu kiasi gani.

Aya zipange kwa kufuata hoja, si mfuatano wa sura. Hapo ndipo kusimulia kunapokatika. Utangulizi uandike mwisho.