Jiwe letu kwenye foleni

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama Vita vya Kagera, vile vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, vilifikia lengo lake. Lengo lipi? Lile la Novemba 1978, kumtoa nduli Amin kwenye ardhi yetu, lilitimia vijana wetu walipouteka Mutukula, mji wa Uganda pale mpakani, Januari 1979. Mimi nasema tungeishia pale.

Nasema hivyo kwa sababu ya jiwe. Mwaka 1980 nilikuwa na miaka tisa, Mwanza, na kazi yangu ilikuwa kulinda jiwe la mama kwenye foleni ya sabuni. Waliokuwapo wanajua: unapanga jiwe alfajiri, unaenda zako, lori likija unakimbilia nafasi yako. Letu lilikuwa na alama ya mkaa. Siku hiyo akatokea baba mdogo, karudi kutoka vitani Uganda juzijuzi, kavaa magwanda. Foleni nzima makofi! Bibi mmoja akamvuta mkono hadi dirishani: "Mpisheni, huyu kampiga nduli!" Akapewa miche miwili. Nikaondoka naye kifua mbele, jiwe nikalisahau. Miche yote akampelekea mkewe, haki yake, na mimi nikachapwa.

Mwaka 1982 baba mdogo alikuwa raia. Duka lilelile, sasa ni unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano. Akajisogeza mbele kidogo. "We nani? Rudi kwenye jiwe lako!" Nadhani hata yule bibi alikuwapo.

Baada ya vita Mwalimu Nyerere alituomba tufunge mikanda miezi 18. Tuliifunga miaka. Waganda nao wakarudishiwa Obote, yule Amin aliyempindua, Desemba 1980, wakaingia vita vya msituni hadi 1986.

Ila naandika huku najipinga. Mafuta yalipanda bei 1979 dunia nzima, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilishavunjika 1977, na vijiji vya ujamaa vilikuwa na yake. Foleni tungezipanga tu. Na Amin angebaki Ikulu ya Kampala, nani angelala usingizi Kyaka, kwetu Kagera? Daraja la pale alishalivunja mara moja. Walibya waliokuja kumsaidia hadi Lukaya, njiani kuelekea Kampala, hawakuja kutalii.

Basi, ningeulizwa leo, ningesema twende hadi Kampala, mradi askari akirudi asiachwe ashindane na mawe. Jana nimempigia baba mdogo kumweleza. Yeye aliyefika Kampala kwa miguu anasema tungeishia Mutukula.