Mwewe haui vifaranga saba, mwanangu

*Shangazi, huu ni mwaka wangu wa pili kwenye ndoa. Januari kazi ya mume wangu ilikwisha, tukahama Dar tukaja Machame kwa wazazi wake. Nilikuja na kijibwa changu Popi, ana mwaka mmoja na kilo tano tu, ni kama mtoto wangu. Hapa shambani anafurahi sana. Asubuhi yuko bandani na ndama, mchana anacheza na mbuzi na kuwakimbiza bata kwenye mfongo, yaani mfereji wa maji wa shambani, jioni analala na paka juu ya majani ya ng'ombe. Tatizo ni mama mkwe. Wiki iliyopita vifaranga wake saba walikutwa wamekufa chini ya mti wa kahawa, wamelowa, hawana hata jeraha. Ni mwewe, lakini mama kamsingizia Popi na kumfunga kwa kamba ya mbuzi. Kabla ya hapo alimwogesha dawa ya kupe ya ng'ombe, Popi akatetemeka mpaka jioni. Anasema pia mbuzi wake anayezungukazunguka kaambukizwa na mbwa. Wifi naye anasema nabeba mbwa badala ya mtoto. Mume yuko kimya. Siku hizi mama ndiye anayempa Popi ugali na maziwa, mimi hata kumfungua siruhusiwi. Nirudi kwetu? Mwenye Uchungu, Hai.*

Mwenye Uchungu, pole. Kutoka mjini ukaanza kuishi chini ya jicho la mama mkwe si jambo dogo, na lile neno la wifi lilikusudiwa likuchome. Pole yenyewe ndiyo hiyo. Sasa tuisome barua yako.

Mwewe hushuka mara moja, akabeba mmoja, akaenda zake. Hakuachii maiti. Utajua kapita kwa sababu hesabu imepungua na kuku anapiga kelele kajibana chini ya migomba. Nguchiro au kicheche akiingia utaona damu, na mara nyingi kichwa hakipo. Paka hula, akakubakizia mabawa na miguu. Vifaranga saba wazima, wamelowa, wako mahali pamoja, hiyo ni kazi ya mbwa kijana aliyekuwa akicheza. Kamshika mmoja, kamtikisa, sauti imekatika, akamfuata mwingine anayelia. Ule unyevu ni mate. Na jeraha halihitajiki. Ndege hana kiwambo cha kupumulia kama sisi, hupumua kwa kutanua kifua, kwa hiyo ukimbana kifua hata kwa upole pumzi imekwisha.

Nawe ulijua. Mtu anayeamini ni mwewe hakumbuki kuandika kwamba walikuwa wamelowa.

Halafu unasema "vifaranga saba" kana kwamba ni maembe yaliyodondoka. Kuku wa kienyeji hutaga mayai yake kumi na kitu, akalalia siku 21, kisha akalea wiki nane na zaidi, na muda wote huo hatagi. Wale saba walikuwa miezi mitatu ya kuku mmoja. Kwa mama wa Machame hiyo ni pesa ya mkononi mwake, pamoja na ndizi na maziwa: ya sabuni, ya mchango wa jumuiya, ya nauli ya kwenda kumwona mgonjwa. Kahawa toka zamani ni ya baba. Umemgusa mfukoni, na katika barua nzima sijaona neno "samahani".

Mama huyo huyo, ambaye kwa maneno yako anamchukia mbwa, anamlisha ugali na maziwa kila siku. Maziwa, mwanangu, ambayo angeyauza. Anayemchukia mbwa wa mkwewe kijijini hatafuti kamba, hutafuta sumu ya panya, na kesho yake kila mtu anasema "sijui amekula nini". Kamba ya mbuzi ndiyo iliyomwokoa Popi mikononi mwa majirani, maana mbwa akishasemwa kwamba anaua kuku hamalizi mwezi.

Nilipokuona una kosa kubwa kuliko yote ni pale ulipoandika "anafurahi". Siku nzima ya Popi umeipanga saa kwa saa. Siku ya mumeo, mwanamume aliyepoteza kazi akarudi kwa wazazi wake na mkono mtupu, ina maneno mawili: yuko kimya. Nitarudi hapo. Kwanza nipite kwenye ratiba ya Popi, kwa sababu kila kituo chake kina jambo ambalo hakuna aliyekwambia.

Bandani kwa ndama. Ng'ombe mpole kabisa hubadilika akizaa, na kilo tano mbele ya pembe si kitu. Kwa hiyo wiki mbili za kwanza baada ya kuzaa Popi asikanyage humo. Kubwa zaidi ni kondo la nyuma. Mbwa hulipenda, nalo huweza kumpa kijidudu ambacho hukaa tumboni mwake na kutoka na choo. Sasa kumbuka analala wapi jioni: juu ya majani ya ng'ombe. Akichafua pale, ng'ombe mwenye mimba akayala, anaweza kutupa ndama, mara nyingi mimba ikiwa na miezi mitano au sita, na nyumba nzima itatafuta mchawi. Kondo lizikwe futi tatu na jiwe juu, na lisipotoka ndani ya siku moja aitwe mtaalamu wa mifugo. Majani yawekwe kwenye kichanja ambacho Popi harukii. Yeye na paka watandikiwe gunia pembeni, urafiki wao hautakufa.

Kwa mbuzi, hapa mama mkwe wako ana nusu ya ukweli, nayo ni nusu nzito. Mbuzi anayezunguka upande mmoja, anayeinamisha kichwa na kugongana na ukuta, mara nyingi ana kifuko cha maji kwenye ubongo, na ndani yake mna vichwa vya tegu mchanga, yule mnyoo bapa. Wafugaji wa Kimasai huko tambarare wanaujua ugonjwa huo kwa jina la ormilo. Mzunguko wake ni huu: mbuzi au kondoo anachinjwa, kichwa anatupiwa mbwa kikiwa kibichi, mbwa anakula ubongo wenye kifuko, tegu anakua ndani yake, mayai yanatoka na choo, mvua inayasambaza kwenye majani, mbuzi anayala, miezi kadhaa baadaye anaanza kuzunguka. Kama ni Popi au ni mbwa wa jirani aliyepita kwenye majani mnayokata, hakuna awezaye kuapa. Wala si kila anayezunguka ana kifuko, yapo maradhi mengine ya ubongo, ndiyo maana mtaalamu amtazame kabla hamjamchinja. Akichinjwa, kichwa kichomwe moto au kizikwe. Mbwa yeyote asikipate.

Popi anahitaji dawa ya tegu, prazikwanteli. Kipimo ni miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito. Vidonge vya mbwa vyenye miligramu 50 ni vya mbwa wa kilo kumi, basi wa kwako ni nusu. Usichukue vya binadamu ukaanza kukata kwa kukadiria, hivyo ni vya miligramu 600. Rudia kila baada ya wiki sita kama anapata nyama mbichi au matumbo, na choo chake kizikwe, kisiende kwenye mbolea ya mboga. Na chanjo ya kichaa, je? Kurasa zote hizo za upendo, neno chanjo halimo. Huanza akiwa na miezi mitatu, hurudiwa kila mwaka. Akimng'ata mtu, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kabla ya kukimbilia hospitali.

Ile dawa ya kupe, mama alikosea, na hapo simtetei. Lakini alikosea mkono, si moyo. Alimwona mbwa ana kupe, akafanya anachofanya kwa ng'ombe. Dawa ya josho huchanganywa kwa ngozi ya ng'ombe wa kilo mia tatu na ushee, nayo huingia mwilini kupitia ngozi ya mbwa, naye huilamba tena akijisafisha. Kutetemeka, kutoa mate mengi, kutembea kama mlevi, hizo ni dalili za sumu. Ikitokea tena, mwogeshe mara moja kwa sabuni ya kawaida na maji mengi ya uvuguvugu, mzuie asijilambe, usimnyweshe maziwa wala mafuta, na umpeleke kwa daktari wa mifugo pamoja na chupa ya dawa ili asome jina lake. Kupe wa mbwa mdogo watolewe kwa mkono au kwa dawa yenye picha ya mbwa, ipimwe kwa uzito wake.

Bata wasikushughulishe sana. Kwenye maji watamshinda. Mlinde asimkaribie bata bukini, akiwepo mmoja hapo jirani, na punda ndiyo kabisa: punda akimwona mbwa anaona fisi, na hukanyaga kuua.

Sasa kuku. Mbwa aliyeua mara moja hufundishika, ila si kwa njia wanazoshauri majirani. Kumning'inizia kifaranga kilichokufa shingoni hakumfundishi kitu, huzoea tu ile harufu. Yai lenye pilipili humfundisha kunusa kabla ya kung'ata. Fanya hivi. Mlishe kwanza, mbwa mwenye njaa hasikii. Chukua kamba ya mita mbili, kaa naye hatua sita au saba kutoka kwenye tenga lenye kuku, na dagaa mikavu mfukoni. Akimkazia kuku macho, masikio mbele, mwili umeganda, hapo hapo sema "Acha!" na ugeuke naye. Usingoje aruke, akisharuka umechelewa. Akikutazama wewe, mpe dagaa mmoja. Dakika kumi asubuhi, kumi jioni. Siku tatu bila kukaza macho, sogea hatua moja. Kwa wengi huchukua wiki tatu au nne, na kinachoharibu ni haraka: siku ya tano mtu anaona mbwa ametulia, anafungua kamba, kifaranga anakimbia, na kifaranga anayekimbia ndiye anayeamsha lile jambo ndani ya mbwa. Kwa hiyo kuku mwenye vifaranga akae kwenye tenga mwezi wa kwanza hata Popi akihitimu. Viota vipandishwe usawa wa kiuno, mayai yaokotwe mara tatu kwa siku.

Kufungwa ni halali, lakini si kwenye kamba fupi ya mbuzi. Mwambie mumeo atandaze waya kati ya miti miwili, mita nane hivi, kamba iteleze juu yake, pawe na kivuli na maji. Hiyo ni kazi ya nusu siku, tena mwanamume asiye na kazi huhitaji mtu amwambie "nisaidie hapa, siwezi peke yangu". Usiku Popi alale ndani. Desturi ya kufungua mbwa usiku ni ya mbwa wakubwa walinzi.

Mumeo kimya chake si cha kuchagua mama. Akimtetea mbwa, anakula chakula cha mama aliyeuliwa kuku. Akimtetea mama, wewe unafunga begi. Hana senti ya kulipa vifaranga, na hiyo ndiyo aibu inayomfunga mdomo. Ndoa za siku hizi mnapigana kwa kununiana, kila mmoja na simu yake upande wake wa kitanda, kisha mnaandikia watu wa mbali mambo ambayo aliye umbali wa mto mmoja hajayasikia. Zamani mke alisemea jikoni, mama mkwe akasikia, mume akasikia, likaisha au likalipuka, lakini lilisemwa. Nyie mnaweka picha ya mbwa na maneno "mwanangu wa pekee", halafu mnashangaa wifi kasoma. Wifi amefanya ukatili, sikatai. Ila neno hilo ulimpa wewe.

Na hapo ndipo barua ilipolia kweli, siyo kwa Popi. Mwaka wa pili wa ndoa. Kama mmekuwa mkitafuta mtoto zaidi ya mwaka, nendeni hospitali wawili, si wewe peke yako. Mwanamume naye apimwe, kipimo chake ni chepesi kuliko vyako na mara nyingi ndicho wanachokiruka. Kama hamtafuti, mumeo ndiye amwambie dada yake, kwa mdomo wake.

Kesho asubuhi nenda sokoni ununue mitetea miwili inayokaribia kutaga, kwa pesa yako hata ikibidi uuze kiatu. Mpelekee mama kwa mikono miwili, useme ni Popi aliyeua na wewe uliyeficha. Ukitaka kuongeza jani la sale, lile la Wachagga la kuomba msamaha, unajua uko wapi, nalo linasema kuliko maneno yako. Usianze na habari za dawa ya kupe siku hiyo. Hiyo ngoja wiki, umwambie kwa njia ya kumwomba: "Mama, daktari kasema ngozi yake haiiwezi."

Umeuliza urudi kwenu. Nauli ni yako. Ila ukiondoka, mbwa muache hapo hapo, maana anayempa maziwa ameshamzoea.