Darasa la 3 hawatulii na fimbo haisaidii

Mwalimu mwenzangu pole sana. Umesema una watoto 90 hapo Ilemela, Mwanza, wanajibu wote kwa pamoja kwa kelele na kunyang'anyana penseli, umechapa mpaka umechoka. Mi nafundisha karibu na mwalo, pale wavuvi wanaposhushia samaki, miaka mingi, nakwambia tabia inafundishwa kama vile kuzidisha, mtoto ukimwambia "kuwa na adabu" hajui afanye nini hasa mpaka umuonyeshe.

Anza na kitu kimoja tu, mfano kuomba penseli. Igiza mbele na mtoto mmoja, "naomba penseli yako", anasubiri, "asante", halafu wafanye wawili wawili dakika 5 kila siku kabla ya hesabu, wiki 2 nzima usirukie kingine. Akipatia usiseme "safi" tu, taja alichofanya, "umeomba vizuri na umesubiri", wenzake wanasikia. Akikosea arudie, basi.

Ila wale wa mwaloni waangalie kwa jicho lingine, siku za giza, mwezi usipoonekana, watu wanavua dagaa usiku na watoto wengine wanaamka alfajiri kusaidia kuanika, huyo sio mkorofi jamani, ana usingizi. Ongea nae pembeni taratibu.