Soma enzi ya kifaa kabla ya kusoma thamani yake

Rezista, kipande kidogo kinachozuia mkondo wa umeme, ilikuwa ya njano mwili mzima, ncha moja ya zambarau, na nukta ya chungwa tumboni. Nilikuwa nimefungua redio ya zamani ya valvu, na kwa kuwa macho yangu yamezoea mistari ya rangi inayoonyesha thamani kwenye rezista za leo, nikaichukulia ile njano kuwa rangi ya ganda tu. Zikabaki zambarau na chungwa, ambazo peke yake hazitoshi kukupa thamani. Basi nikaipima kwa mita: omu 61,000, omu ikiwa kipimo cha ukinzani. Nikalehemu mpya ya 62,000, nikawasha, na volteji ikabaki chini vilevile.

Nilichokosa ni historia. Alama za rangi zilianza Marekani miaka ya 1920, chini ya chama cha watengenezaji wa redio, Radio Manufacturers Association. Rezista nyingi za zamani hazina mistari: rangi ya mwili ni tarakimu ya kwanza, rangi ya ncha ni ya pili, na nukta inakuambia uongeze sifuri ngapi. Njano ni 4, zambarau ni 7, chungwa ni sifuri tatu. Omu 47,000! Rezista za kaboni za aina hiyo hupanda thamani kadiri zinavyozeeka, kwa hiyo mita haikukosea, ilinipimia uzee. Thamani aliyoikusudia mtengenezaji ilikuwa kwenye rangi, nami nikairuka.

Tangu siku hiyo, ukiniuliza uanzie wapi, nakwambia uanze na umri wa kifaa. Rangi zenyewe hazikubadilika: nyeusi 0, kahawia 1, nyekundu 2, halafu chungwa, njano, kijani, buluu na zambarau zinapanda hadi 7 kwa mpangilio wa upinde wa mvua, kisha kijivu 8 na nyeupe 9. Kilichobadilika ni mahali zinapopakwa. Mistari ilipokuja, faida yake ilikuwa kubwa: inazunguka mwili wote, hivyo hata rezista ikilazwa vipi thamani inaonekana. Lakini joto huigeuza nyekundu ikafanana na kahawia. Ukiona rezista imebabuka, usiziamini rangi hizo mbili mpaka umeangalia mchoro wa saketi.

Herufi nazo zina kisa chake, na mimi nazipenda kuliko rangi. Nukta ya desimali ni kitu kidogo mno. Mchoro ukinakiliwa mara mbili tatu inafutika, na 4.7 inakuwa 47. Ndiyo sababu kiwango cha Uingereza, BS 1852, kiliweka herufi mahali pa nukta, na leo utaratibu huo umo katika kiwango cha kimataifa IEC 60062. 4K7 ni omu 4,700, maana K ni kilo, yaani elfu; R47 ni omu 0.47, maana R ni omu zenyewe. Kwenye michoro yako mwenyewe, andika hivyo hivyo.

Sasa angalia kapasita, kipande kinachohifadhi chaji ya umeme, iliyoandikwa 104K. Hapa K si kilo hata kidogo. 104 ni 10 ikifuatwa na sifuri nne, kwa pikofaradi, kipimo cha kapasita, yaani nanofaradi 100. K ni kiasi inachoruhusiwa kupotoka, asilimia 10 juu au chini. Ingekuwa J, ni asilimia 5. M ni 20. Nimeona watu makini wakiduwaa hapo, na siwalaumu, maana herufi ileile inafanya kazi mbili.

Kwenye rezista bapa za kulehemu juu ya bodi, 103 ni omu 10,000, na 01C pia ni omu 10,000. Hiyo ya pili hutumika kwa zile zinazoruhusiwa kupotoka asilimia 1 tu: 01 ni namba ya mstari kwenye jedwali lenye thamani 96, ambapo inasimamia 100, na C ni kuzidisha kwa 100. Jedwali hilo usilikariri, libandike ukutani.

Redio ile niliirudia. Nikatoa 62,000, nikaweka 47,000, na volteji ikapanda hadi pale mchoro ulipotaka. Rezista ya njano bado ninayo, imebandikwa kwenye daftari, na pembeni yake nimeandika namba mbili: 47,000 iliyopakwa, 61,000 iliyopimwa.