Siku za kusubiri wakati mimba haionekani kwenye utrasaundi

Dada, pole sana kwa kipindi unachopitia. Umeeleza kwamba kipimo cha mkojo kimeonyesha una ujauzito, kwamba unatokwa na matone ya damu na una maumivu madogo upande mmoja wa tumbo, kwamba utrasaundi haikuona kitu ndani ya mfuko wa uzazi, na kwamba daktari amechukua damu akakuambia urudi baada ya saa 48 kwa sababu huenda mimba imetunga nje ya mfuko wa uzazi. Umeuliza iwapo daktari huyo anaijua kazi yake, utaishije hadi siku ya kurudi, na iwapo umwambie mumeo ambaye yuko safarini na lori. Mimi si mtaalamu wa afya. Ni mwalimu wa shule ya msingi niliyepitia hali hiyohiyo nikiwa Kilosa, na nitakujibu kwa niliyoyaona na niliyoelezwa na walionitibu.

Kusubirishwa kunauma kwa sababu kunafanana sana na kupuuzwa, lakini katika jambo hili muda wenyewe ni sehemu ya kipimo. Mkojo unathibitisha tu kwamba homoni ya ujauzito, ile inayoandikwa hCG kwenye karatasi ya maabara, imo mwilini. Hauonyeshi mimba iko wapi. Utrasaundi nayo, hata ile ya kupitia ukeni ambayo huona mapema kuliko ya juu ya tumbo, kwa kawaida huanza kuonyesha kifuko cha mimba kati ya wiki ya tano na ya sita, kuhesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Kabla ya hapo, mfuko wa uzazi unaoonekana mtupu huweza kumaanisha kwamba mimba ni nzima ila bado changa mno, au kwamba inaharibika, au kwamba imetunga nje, na zilizotunga nje zaidi ya asilimia 90 huwa ndani ya mrija wa uzazi, ule unaopitisha yai kutoka kwenye ovari. Picha moja haiwezi kutenganisha hali hizo. Damu ikipimwa mara ya pili, mwelekeo ndio unaosema: kiwango cha kwanza cha hCG kikiwa chini ya 1,500, kwa mimba iliyo mahali pake hutarajiwa kupanda kwa angalau asilimia 49 ndani ya saa 48, na mara nyingi hupanda zaidi, kinachopanda kwa kusuasua hutia shaka, na kinachoshuka kwa kasi huashiria mimba inayoharibika. Hata hapo hukumu si kamili, kwa kuwa zipo mimba za nje ambazo namba zake hupanda vizuri tu, na ndiyo maana utrasaundi hurudiwa. Ujue pia kwamba wengi wa wanawake wanaoambiwa mimba haijaonekana ilipo, mwishowe hawakutwi na mimba ya nje.

Jambo lililonifanya niukubali muda ule ni maelezo ya daktari kuhusu dawa. Ipo sindano iitwayo methotreksati, inayozuia seli zinazokua kwa kasi zisiendelee kugawanyika, nayo hutibu mimba ya nje bila upasuaji endapo mrija haujapasuka na mgonjwa yuko imara. Sindano hiyo haichagui. Ukichomwa mapema, na kumbe mimba ilikuwa ndani ya mfuko wa uzazi, utakuwa umeipoteza mimba uliyoitaka. Kwa hiyo daktari anayekusubirisha, ilimradi amekupima shinikizo la damu, amekuchunguza tumbo na kukueleza dalili za hatari, anailinda mimba ambayo huenda ni nzima. Kama hakukueleza dalili hizo, rudi leo umuulize. Na kama hospitali yenu haina utrasaundi ya kupitia ukeni wala chumba cha upasuaji, kutafuta nyingine ni busara. Ila damu ya pili ipimwe kwenye maabara ileile ya kwanza ikiwezekana, kwa sababu mashine hutofautiana na namba za maabara mbili hazilinganishwi kirahisi.

Kuhusu kuishi hadi siku ya kurudi, sitakuambia utulie, kwa sababu mimi utulivu sikuupata. Nilichoweza kupata ni utayari. Nilihamia kwa shangazi yangu Morogoro mjini ili nisiwe mbali na hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu ya kuongezewa, kwani barabara ya Kilosa usiku si ya mtu anayevuja damu ndani. Tulimpata dereva wa teksi anayeishi mtaa uleule na tukakubaliana naye bei mapema, simu ikawa na chaji wakati wote, na karatasi zote za vipimo nikaziweka ndani ya mkoba mmoja pamoja na kundi langu la damu. Ulijue na lako, hasa kama ni hasi, yaani lenye alama ya kutoa kama O-, kwa maana katika hali hii wanawake wenye kundi hasi huweza kuhitaji sindano ya kulinda mimba zijazo, na ni vema daktari akumbushwe.

Dalili za kukuondoa nyumbani saa yoyote ni maumivu makali ya tumbo, kizunguzungu au kuzimia, jasho la baridi na moyo kwenda mbio, kujisikia kama unabanwa na haja kubwa, na maumivu kwenye ncha ya bega. Hii ya bega huwashangaza watu: damu ikivujia tumboni huusumbua msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, na mishipa yake ya fahamu inashirikiana na ya bega, ndipo mtu hupaka dawa ya kuchua begani ilhali tatizo liko kwenye mrija. Namba ndogo ya homoni isikulaze usingizi, kwa sababu mrija unaweza kupasuka hata namba ikiwa ndogo au inashuka. Utaambiwa pia kwamba hilo ni chango, ukandwe tumbo na upewe mizizi ya kuchemsha. Kataa kwa upole, lakini kataa. Kwa maumivu madogo mimi niliruhusiwa parasetamoli peke yake. Hakuna namna ya kulala inayoweza kuihamisha mimba, kwa hiyo usijifunge kitandani kwa sababu hiyo.

Kilichonichosha kuliko hofu kilikuwa matumaini. Kila nilipokwenda chooni nilitazama damu kama ni nyekundu au ya kahawia, na kutoka hapo nikaanza kununua vipimo vya mkojo ili nione kama mistari inakolea. Vipimo hivyo havipimi kiasi, na kukolea kwa mstari hakukuambii mimba iko wapi. Shangazi ndiye aliyenipa kazi iliyonifaa: aliagiza madaftari ya darasa langu yaletwe, nikawa nasahihisha hesabu za kugawanya. Ni kazi inayohitaji nusu ya akili tu, na nusu hiyo ilitosha kunipitisha hadi jioni.

Kwangu namba zilipanda kwa kusuasua, na utrasaundi ya kurudia iliona uvimbe mdogo pembeni mwa ovari ya kushoto. Nilichomwa sindano ile, damu ikapimwa siku ya nne na ya saba baada ya sindano, kwani kati ya siku hizo kiwango kinapaswa kushuka kwa angalau asilimia 15, kisha kila wiki hadi kikaisha. Niliagizwa niache vidonge vya kuongeza damu vyenye foliki asidi, nijiepushe na ibuprofeni, pombe na tendo la ndoa, na nisishike mimba kwa miezi mitatu. Mwenzangu wa wodini alifanyiwa upasuaji akaondolewa mrija. Alibaki na mmoja, na mrija mmoja unaweza kuzaa. Kama yako ni mimba njema iliyochelewa kuonekana, haya yote hutayahitaji.

Mumeo mwambie leo, kwa simu, kabla hajaingia mahali pasipo na mtandao. Wangu aliniuliza kama afurahi au ahuzunike, nikamjibu kwamba hata mimi sijui, na baada ya hapo ikawa rahisi kwake kusaidia kuliko kubahatisha. Mpe kazi anayoweza kuifanya akiwa njiani: awatafute ndugu wawili wa kuchangia damu ikihitajika, atume nauli ya teksi, na amweleze mtu mmoja wa karibu awe nawe usiku. Fomu ya ridhaa ya upasuaji utaisaini mwenyewe, kwa hiyo asikuambie umsubiri arudi. Mama mkwe anaweza kuambiwa majibu ya pili yakishatoka.