Bei inayohama kwenye jedwali

SWALI: Mhariri, mimi ni karani wa ghala la mkonge hapa Tanga. Kila ninaponakili fomula ya Excel (programu ya majedwali ya hesabu) kushuka chini, bei niliyoiandika katika seli (kisanduku) B1 inahama na hesabu zote zinaharibika. Nifanyeje?
Karani, Ngamiani

JIBU: Ndugu karani, weka kishale kwenye B1 ndani ya fomula, kisha bonyeza kitufe cha F4 mara moja, B1 itageuka $B$1, na alama hizo za dola, ambazo hapa hazihusiani na fedha hata kidogo, ndizo zinazoifunga seli isihame. Kwenye baadhi ya kompyuta mpakato F4 hubonyezwa pamoja na kitufe cha Fn. Wala usiburute kipanya hadi mstari wa 500: bofya mara mbili kijimraba cha pembe ya chini kulia ya seli yenye fomula, nayo fomula itateremka yenyewe hadi data ya safu jirani inapokoma.